Bi Mwiko

Ngazi za ghorofa ya pili zilianguka asubuhi, mafundi wakiwa wananawa mikono kwa ajili ya chai. Hazikuanguka kwa kishindo kama watu walivyosimulia baadaye. Zilitoa mlio mfupi, kama wa mtu anayevunja ubao kwa goti, kisha vumbi likajaa na kila mtu akaanza kumwita mwenzake. Aliyekuwa juu ya ngazi ni mpagazi waliyemwita Winchi, kwa sababu aliweza kupandisha mfuko wa saruji begani huku anapiga mluzi. Siku hiyo mluzi ulikatika katikati.

Chini, kwenye lundo la mchanga, msichana mmoja alikuwa ameshika koleo. Ndiye mwanamke pekee kwenye jengo lile, mwanagenzi wa uashi, akijifunza kwa mjomba wake. Wenzake walimwita Bi Mwiko. Wengine walimaanisha mwiko wa kupigia plasta, ambao hakuuacha hata wakati wa kula. Wengine walimaanisha ule mwiko mwingine, kwamba mwanamke hapandi jukwaa la ujenzi. Yeye aliitikia tu, kwa maana zote mbili.

Alitupa koleo akakimbia. Mguu wa kulia wa Winchi ulikuwa umelaliwa na pande la zege. Mjomba, fundi mkuu wa uashi, alikuwa ameshapenyeza nondo chini yake na anainua huku mishipa imemsimama shingoni.

"Shika hapo, mwanangu. Usimwangalie mguu. Mwangalie uso."

Bi Mwiko akamwangalia uso. Winchi alikuwa anahangaika kusema jambo.

"Mwambieni mke wangu," alisema, "asije na mtoto."

Gari lilipoondoka naye, msimamizi alitoka kwenye ofisi yake ya mabati. Alikuwa kijana aliyevaa kofia ngumu nyeupe isiyo na hata tone la chokaa. Mafundi walimwita Kofia Nyeupe akiwa hayupo, na Bosi akiwapo. Hakuuliza habari za Winchi. Alilizunguka lile lundo, akatazama mahali ngazi zilipokuwa, halafu akauliza, "Nani aliondoa nguzo za chini?"

Miti iliyowekwa kuegemeza ngazi mpaka zege likomae ilikuwa imepangwa vizuri pembeni, tayari kupandishwa ghorofa ya tatu. Wote walikuwa wamemwona Bi Mwiko siku iliyotangulia akiigonga kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine, na kuibeba. Wote walijua pia kwamba mwanagenzi hagusi hata msumari bila kuagizwa na fundi wake. Na fundi mwenyewe alijua ni nani aliyemwagiza yeye, maana Kofia Nyeupe alisimama palepale akisema ghorofa ya tatu haiwezi kungojea miti.

Macho yote yakamgeukia Bi Mwiko. Bi Mwiko akamgeukia Mjomba. Mjomba alikuwa anajifuta mikono kwa gunia, kidole kimoja kimoja, kana kwamba anakwenda kula kwa watu.

"Wakubwa wanakuja keshokutwa," Kofia Nyeupe alisema. "Nataka jibu moja. Sitaki hadithi."

*

Habari ilimtangulia Bi Mwiko kufika nyumbani. Alipoingia uani, jirani yao alikuwa bombani anakinga maji. Ndoo ilikuwa imeshajaa na inamwagika, lakini jirani hakufunga bomba. Alikuwa na kazi nyingine.

"Pole, jirani," alimwambia Mama, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tumesikia binti yako ameangusha ghorofa."

"Si ghorofa. Ni ngazi."

"Aa, ngazi tu! Basi afadhali." Akacheka peke yake. "Ila sisi tulisema. Mwanamke na zege, wapi na wapi? Mtoto wa watu angetafutiwa duka la nguo akae kivulini."

Mama hakumjibu. Mwaka mzima alikuwa anajibu, na siku hiyo majibu yalimwishia. Yeye ndiye aliyemtoa binti yake nyumbani na kumpeleka kwenye ujenzi. Alikwenda kwenye mkutano ukumbini, akamsikiliza mgeni mmoja akiwaambia vijana watoke kwenye foleni za ofisini washike ufundi, maana nyumba hazijengwi kwa vyeti, na akarudi macho yanamwaka kama aliyepewa nyumba yenyewe. Alimfuata mdogo wake, yule Mjomba, siku hiyohiyo. "Dada, ujenzi si jikoni," mdogo wake alimwambia. "Hata jikoni kuna moto," Mama akajibu. "Mchukue."

Na binti aliupenda ufundi kuliko mama yake alivyotazamia. Ukuta wake wa kwanza ulikuwa wa stoo, nyuma ya shule, mahali ambapo hakuna anayepita. Jumapili moja alimpeleka Mama kuuona. Walisimama mbele yake wakiutazama kama watu waliokwenda kumwona mtoto mchanga, na Mama alipapasa matofali akasema, "Umefanana na wewe. Umenyooka, na hauna tabasamu." Kuanzia hapo kila mteja aliyeleta nguo kwa dobi alikofanya kazi Mama alisikia habari za ukuta ule. Wengine walianza kupita mbali.

Ndani, Bibi alikuwa kwenye kitanda chake karibu na dirisha. Ndiye aliyewazaa Mama na Mjomba. Masikio yake yalikuwa mazito, ingawa uzito huo ulikuja na kuondoka kufuatana na mazungumzo.

"Mke mwenza," alimwita mjukuu wake kama alivyozoea kumtania, "umeumia?"

"Sijaumia, Bibi."

"Basi kaa chini ule."

Hakula. Alikaa kwenye mkeka, akawa anabandua saruji iliyoganda kwenye kucha, na Mama akakaa mbele yake.

"Aliniambia nitoe nguzo," alisema. "Nikamwambia, Mjomba, zege bado. Akasema toa. Nikamwambia tena. Akaniuliza, fundi ni wewe au mimi?"

"Na yeye nani alimwambia?"

"Kofia Nyeupe. Nilikuwepo. Mjomba alimbishia kidogo, halafu akaja kunikasirikia mimi kana kwamba ni mimi niliyebishana naye."

Mama akashusha pumzi. "Basi jambo lenyewe jepesi. Keshokutwa mjomba wako atasema hivyohivyo. Wewe umeagizwa. Mtu aliyeagizwa ana kosa gani?"

"Winchi wamemkata mguu, Mama. Juu ya goti."

Mama alinyoosha mkono kumshika bega, lakini ukaishia hewani, akautumia kusogeza sahani.

*

Mjomba hakuja nyumbani. Alimfuata dada yake kazini asubuhi, kwenye chumba cha dobi, akasimama ng'ambo ya meza ya kupigia pasi kama mteja mwenye tiketi. Mama alielewa mara moja. Lilikuwa jambo ambalo mdogo wake asingeweza kulisema mbele ya mama yao.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Kazini hamkuingia?"

"Wamesimamisha mpaka kikao."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameamka. Ameniuliza mguu wake wameuweka wapi." Alijaribu kucheka, na sura ikakataa.

Kabla hajaendelea, aliingia mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, akaitupa blauzi juu ya meza. "Wewe, kifungo changu kiko wapi?"

"Ilikuja hivyohivyo, dada, bila kifungo."

"Yaani mimi navaa nguo zisizo na vifungo? Mimi? Hebu kitafute. Kitakuwa kimeanguka hapo chini."

Mama alijua hakuna kifungo. Hata hivyo alipiga magoti, akaanza kupapasa sakafu chini ya meza, kati ya vikapu vya nguo chafu. Mjomba, kwa aibu ya kusimama wakati dada yake yuko sakafuni, naye akapiga magoti. Wakawa wote wawili chini ya meza, wazee wazima, vichwa vyao vinakaribia kugongana, wanatafuta kitu kisichokuwapo. Ni pale Mjomba alipopata nguvu ya kusema.

"Dada, mwambie aseme aliziondoa mwenyewe."

Mama aliacha kupapasa.

"Mmekiona?" mteja aliuliza juu.

"Bado, dada," Mama alijibu. Akainuka, akakata kifungo kwenye gauni lake mwenyewe kwa mkasi, akakishona kwenye blauzi. Hakikufanana na vingine. Mteja alikitazama, akasonya, akaondoka bila kulipa.

"Rudia," Mama alisema. "Rudia nikiwa nimesimama."

Mjomba alitazama mlango. "Nikisema niliagizwa na Kofia Nyeupe, atakana. Ameshaniambia usoni kwamba atakana. Yeye amesoma, wakubwa ni watu wake. Hapo ninabaki mimi, fundi aliyemkata mtu mguu. Hakuna atakayenipa hata choo nijenge."

"Na mwanangu?"

"Yeye ni mwanagenzi. Hana jina bado la kuchafuka. Watamfokea, watamfukuza, basi. Mambo yakipoa namchukua kwenye kazi nyingine mbali na hapa, namalizia kumfundisha. Naapa kwa uhai wa mama yetu."

"Mwache Mama na uhai wake."

"Dada, hii si kupenda kwangu. Vile vyumba viwili mnavyokaa kodi natoa mimi. Dawa za Mama natoa mimi. Wanangu wako shule. Sisemi kwa kukusimanga."

"Umeshasema," Mama alimjibu, akaishika pasi. Ilikuwa imepoa, lakini aliipitisha juu ya shati hivyohivyo, mara nyingi, mpaka mdogo wake akaaga na kwenda zake.

*

Jioni ile, kama Mama angemwamuru, binti angekataa. Alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa hicho Mama alikipenda. Alikuwa akisema amekirithi kwake. Lakini Mama hakuamuru. Alikaa kwenye mkeka karibu naye, akaomba.

"Uliniambia ufundi ni kitu ambacho mtu hanyang'anywi," Bi Mwiko alisema.

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa nakuomba, mwanangu. Mjomba wako akianguka, tunaanguka wote humu ndani. Mimi pasi yangu hailipi hata chumba kimoja. Bibi yako tutamlaza wapi?"

"Kwa hiyo mimi niangushiwe jumba bovu."

"Kwa muda. Ameapa atakuchukua tena."

"Mama, wewe unaamini?"

Mama alifikiri kwamba angeweza kumdanganya, akaona midomo haifunguki. Kule kitandani, Bibi, aliyekuwa ameelekeza uso ukutani tangu walipoanza, alisema, "Mmejipima wote, mkaona aliye mwepesi ni huyu."

"Mama, kumbe hujalala?"

"Nimelala. Endeleeni."

Hawakuendelea. Bi Mwiko alizima taa ya chumba cha pili akajilaza na nguo za kazi. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na Mama aliyekuwa anasikiliza kila anapojigeuza alijua jibu.

*

Ndani ya ofisi ya mabati kulikuwa na viti vitatu. Kimoja alikalia Kofia Nyeupe, cha pili alikalia mwakilishi wa mwenye jengo, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, na cha tatu waliwekea mikoba yao. Mjomba alikalia ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Bi Mwiko alisimama katikati.

"Nguzo aliziondoa nani?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Alihisi Mjomba akiacha kupumua nyuma yake. "Sikuagizwa."

"Hukujua kwamba lazima zikae mpaka zege likomae?"

"Nilijua."

Mwakilishi aliweka kalamu chini. "Ulijua. Sasa kwa nini uliziondoa?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemwandalia jibu lake. Mama hakulifikiria, wala Mjomba. Bi Mwiko alitafuta, akaona kwamba jibu lolote atakalotoa litamfanya mwendawazimu au mjinga, akachagua.

"Nilisahau."

Kofia Nyeupe alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeangushwa na ndugu. Mwakilishi alimgeukia. "Ana mkataba huyu?"

"Hana, mkubwa. Ni mwanagenzi tu. Anakuja na fundi wake, anakula kwa fundi wake."

"Kwa hiyo si mfanyakazi wetu."

"Si wetu."

Hapo kwa mara ya kwanza yule mtu mnene alionekana kustarehe kwenye kiti. "Basi suala limejibika. Kosa limefanywa na mtu wa nje. Gharama za hospitali tumelipa kwa ubinadamu, tunaishia hapo. Fidia hakuna. Halafu wanagenzi wote waondoke leo. Haya mambo ya kuhamasisha vijana wakahamasishane kwingine, si kwenye jengo letu."

Mjomba aliinuka kwenye ndoo. Jambo la fidia lilikuwa halijampitia akilini hata kidogo. "Mkubwa, Winchi ana mke na—"

"Fundi," mwakilishi alimkatiza kwa upole uleule, "una la kuongeza kuhusu nguzo?"

Nje mtu alikuwa anagonga bati.

Mjomba akarudi kukaa.

Getini, wanagenzi wengine wawili walikuwa wameshatolewa, miko yao wameifunga kwenye mifuko ya plastiki. Mmoja alimpita Bi Mwiko bila kumtazama. Wa pili, aliyeanza kazi hivi karibuni na alikuwa bado anajifunza kushika timazi ya kupimia unyoofu wa ukuta, alimsimamisha. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa.

"Mimi nimekosa nini, Bi Mwiko?"

*

Jumapili iliyofuata mke wa Winchi alibisha hodi. Hawakuwahi kumwona. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, za kwendea kwa watu, na kwa sababu hiyo Mama alidhani ni mteja aliyepotea njia, mpaka alipojitaja. Alikaribishwa kiti, akaletewa maji. Akaulizwa hali ya mgonjwa, akashukuru, akasema hajambo kidogo. Alikunywa maji nusu ndipo akaanza.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Wamenieleza kwamba hawalipi kitu, kwa sababu kosa ni la huyu binti na huyu binti si mtu wao. Nimemwambia mume wangu. Anakataa. Anasema yule mtoto alikuwa hahamishi hata ndoo bila kumuuliza mjomba wake. Anasema ni lazima yuko aliyemtuma. Nikaona badala ya kubishana na mgonjwa, nije nimsikie mwenyewe."

Bi Mwiko alifungua mdomo.

"Ni kweli kosa ni lake," Mama alisema. "Alisahau. Bado mtoto."

Mgeni hakumgeukia Mama. "Namuuliza yeye."

Bi Mwiko alitazama miguu ya yule mwanamke, viatu vilivyopakwa rangi upya kisiginoni. "Ni kama Mama alivyosema."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

Mwanamke alimaliza maji yake taratibu. Hakuonekana kuamini, wala hakuonekana kuwa na nguvu za kubisha. "Binti yangu amemaliza shule," alisema, kana kwamba wamebadili mazungumzo. "Baba yake alikuwa akirudi anamsimulia habari zako. Binti akawa anasema ukishakuwa fundi kamili atakuja kuwa mwanagenzi wako. Anachora nyumba ukutani kwa mkaa, nami namgombeza. Jana nimemkuta anazifuta. Sikumwambia afute."

Aliinuka, akashukuru kwa maji, akamuaga Bibi kwa heshima, akatoka. Mama alibaki ameshika bilauri tupu.

"Siku hizi mgeni hasindikizwi?" Bibi aliuliza.

Mama akageuka. "Mama—"

"Nauliza tu. Zamani mgeni alikuwa anasindikizwa. Mke mwenza, mtoe mgeni."

Bi Mwiko alishatoka kabla hajamaliza. Mama alimwona kupitia dirishani akikimbia bila viatu, akimfikia yule mwanamke penye kona, na wote wawili wakisimama. Angeweza kuita. Sauti ingefika. Alisimama pale dirishani, kando ya kitanda cha mama yake, na hakuita.

*

Asubuhi Bi Mwiko na mke wa Winchi walikwenda pamoja mpaka getini mwa jengo. Mlinzi alikuwa mtu wa utani, kila siku alikuwa akimwagiza Bi Mwiko aje amjengee nyumba bure yeye mlinzi atakapostaafu. Sasa alitazama pembeni.

"Nimeambiwa nisikufungulie, binti yangu. Nisamehe."

"Mwite Bosi. Tutasimama hapahapa."

Kofia Nyeupe alikuja baada ya kuwaacha juani muda mrefu. Alisikiliza kupitia vyuma vya geti. Bi Mwiko alieleza yote bila kupaza sauti: ghorofa ya tatu, miti, maneno ya Kofia Nyeupe mwenyewe, amri ya Mjomba. Alipofika kwenye maneno ya Kofia Nyeupe, huyo aliinua mkono.

"Juzi ulisema hivi, leo unasema vile. Huyu mama amekupa nini?"

"Ningekuwa na cha kumpa," mke wa Winchi alisema, "ningekuja kusimama hapa?"

Kofia Nyeupe alifikiri. Halafu akafanya jambo ambalo Bi Mwiko hakulitegemea. Aligeuka akaita kwa sauti kuelekea ndani, "Fundi! Njoo mara moja!" Aliita bila wasiwasi wowote, na katika ile sauti Bi Mwiko akaelewa kwamba jibu lilikuwa limeshapangwa.

Mjomba alishuka. Alikuwa anajenga upya ngazi zilezile. Alikuwa na zege mpaka kwenye viwiko. Aliwaona, akapunguza mwendo, kisha akajikaza akaja.

"Fundi, huyu anasema ulimwagiza aondoe nguzo. Ulimwagiza?"

Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi wanatazama. Walikuwepo siku ile, wote. Mmoja alianza kukohoa, mwingine akainama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba. Mjomba alimtazama mke wa Winchi, akatazama sketi yake nzuri. Alipokuja kumtazama mpwa wake, macho yalifika mabegani yakaishia hapo.

"Sikumwagiza."

"Sema tusikie."

"Sikumwagiza," Mjomba alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, sauti aliyokuwa akiitumia kumfundisha, "Nenda nyumbani, mwanangu. Jua kali."

Walitembea mpaka barabara ilipogawanyika. Mke wa Winchi alisimama, akafungua mkoba wake, akaufunga bila kutoa kitu.

"Nitamwambia mume wangu alisema kweli, kwamba si wewe," alisema. "Angalau hilo nitampelekea. Lakini usije nyumbani kumwona. Si kwa ubaya. Akikuona atataka kukupa moyo, ndivyo alivyo, na moyo wenyewe hana wa kutosha."

"Na binti yako?"

"Binti yangu nimemtafutia kazi ya ndani, kwa watu. Anaanza kesho."

*

Mama alikuwa amerudi mapema kutoka kazini. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Bibi alikuwa amelala, safari hii kweli, mdomo wazi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Mjomba. Kule kwenye jengo."

"Na yule mama?"

"Naye."

Mama alikaa kwenye kiti. Hakukasirika, kama alivyodhani angekasirika. Aliegemea mbele. "Mjomba wako amesemaje?"

"Amesema hakuniagiza."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Mara mbili."

Hapo ndipo Mama alipojua kwamba siku zote hizo alikuwa na tumaini moja alilolificha hata kwake mwenyewe: kwamba mdogo wake, akisimamishwa uso kwa uso na mtoto, angeshindwa. Kwamba angesema kweli mwenyewe, na dhambi ya kumwomba binti yake ingefutika yenyewe bila yeye kufanya lolote. Alijifunika uso kwa upande wa kanga akakaa hivyo. Binti yake alimtazama kwa muda, akaenda kunawa mikono, akarudi, akafunua chakula.

Mwisho wa mwezi Mjomba alimtuma mkewe alete kodi. Alileta kamili, na dawa za Bibi, na juu yake akaongeza kilo kadhaa za sukari ambazo hakuna aliyeziomba. Mama alipokea vyote, akasema ahsante, akamuulizia hali ya watoto.

Mkewe alipoondoka, Mama alikunja mfuko wa sukari mdomoni akauweka juu ya kabati. Bi Mwiko alikuwa kizingitini, anatazama uani ambako jirani alikuwa anakinga maji.

"Pale kwetu wanatafuta mtu wa kukunja nguo," Mama alimwambia. "Si kazi ya kudumu. Ni mpaka mambo yakae sawa, halafu tutatafuta fundi mwingine, hata kama ni mbali. Wapo. Siwezi kuacha usahau ulichojifunza. Unasemaje?"

"Sawa, Mama."

Mama alikuwa amejiandaa kubishiwa. Alikuwa na maneno tayari, na alitaka kuyasema, alitaka wagombane mpaka jirani afunge bomba asikilize. Alingoja. Binti yake aliingia ndani, akapita mbele yake, akaanza kutandika kitanda cha Bibi.